Meli Ileile, Vita Vingine

Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Simtex, ya mjini Austin, Texas, ilitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Master of Orion, na ndani yake mlikuwa na sheria moja iliyowabana wachezaji kwelikweli: dola yako haiwezi kuwa na michoro ya meli zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Unaweza kutawala nusu ya nyota zote za ramani, ukawa na viwanda visivyolala, lakini ukitaka mchoro wa saba ni lazima ufute mmoja wa zamani. Na ukiufuta, kila meli iliyoundwa kwa mchoro huo, popote ilipo, inavunjwa pamoja nao. Meli mia tatu zinazolinda mpaka wa mbali huondoka kwa uamuzi mmoja.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa ubahili. Vita vya Master of Orion hupiganwa kwa makundi: meli zote za mchoro mmoja husimama uwanjani kama kundi moja, kwa hiyo michoro sita ni makundi sita, basi. Lakini sheria iliyoanzia uwanja wa vita ilikwenda kuota mizizi kwenye meza ya mchoraji. Mtu mwenye nafasi sita hachori kwa kubahatisha. Anachukua mchoro aliokwisha kuupima vitani, anaugeuza huku na huku, anajiuliza kipi kibaki na kipi kiondoke, na kila jibu analolitoa lina gharama yake.

Kuutumia tena mchoro wa zamani na kuupandisha daraja ndio ufundi ulio bora kuliko wote katika michezo ya mkakati ya angani, na ndio unaosifiwa kidogo kuliko wote. Watu husimuliana habari za manowari kubwa kama mwezi na silaha zinazopasua sayari. Wachache husimulia jinsi walivyoing'oa silaha moja, wakaweka nyingine, na meli iliyokwisha kudharauliwa ikarudi kupigana.

Kwa asiyewahi kuicheza, hii ni michezo ambayo mtu huanza na sayari moja na meli chache, akaendelea zamu kwa zamu hadi awe na dola. Alan Emrich, alipouandikia Master of Orion katika toleo la Septemba 1993 la jarida la Computer Gaming World, aliupa alama ya X nne, kwa maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya kuchunguza, kutanuka, kuchuma na kuangamiza, na tangu hapo aina nzima ya michezo hiyo ikajulikana kama 4X. Uundaji wa meli unaingia katika yote manne. Mchezaji wa Master of Orion huchagua bodi: ndogo, ya kati, kubwa, au kubwa kupita kiasi. Kisha anaweka injini, kompyuta ya kulengea shabaha, deraya, ngao, silaha za aina zisizozidi nne na vifaa maalumu visivyozidi vitatu. Kila kipuri kina ukubwa wake na bei yake, na nafasi ndani ya bodi haitoshi kamwe.

Mfano mmoja wa kawaida kabisa utatosha kuonyesha kazi ilivyo. Mwanzoni mwa mchezo silaha ya bei nafuu ni leza, inayopiga kwa nguvu ya 1 hadi 4. Mchezaji anaunda meli ndogo yenye leza moja, isiyo na ngao wala mbwembwe, na kwa kuwa ni rahisi anazitoa kwa mamia. Kwa muda mrefu kundi hilo linatisha. Lakini ngao za Master of Orion hufanya kazi kwa kutoa: ngao ya daraja la kwanza hupunguza 1 kutoka kila pigo, ya pili hupunguza 2, ya tatu 3, ya nne 4. Siku jirani anapovumbua ngao ya daraja la nne, leza ambayo pigo lake kubwa kuliko yote ni 4 haipenyezi kitu. Hapo hakuna bahati itakayosaidia. Meli mia tano zikipiga kwa pamoja, kila zamu, hazitakwangua hata rangi.

Asiye na subira hufuta mchoro wote akaanza upya. Mwenye ufundi anauangalia tena. Bodi ni nzuri, injini bado ina kasi ya kutosha, kompyuta inalenga vizuri; kilichokufa ni kitu kimoja tu. Sasa aangalie orodha ya silaha. Leza ya mitutu mingi inavutia macho, kwa sababu inapiga mara nne pale ambapo ya kawaida inapiga mara moja, lakini kila pigo bado ni 1 hadi 4, na sifuri mara nne ni sifuri. Leza nzito ni ghali na inakula nafasi, ila inapiga 1 hadi 7, kwa hiyo mapigo ya 5, 6 na 7 yanapita. Au kuna bunduki ya vipande vya nyutroni, ambayo hupiga 2 hadi 5 tu, lakini huikata ngao nusu: ngao ya 4 inakuwa ya 2, na pigo la 5 linaacha jeraha la 3.

Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza. Uzuri wake hauko kwenye ugumu. Uko kwenye kuujua mchoro wako kiasi cha kutenganisha kilichoshindwa na kilicho hai bado, na kutoadhibu meli nzima kwa kosa la kipuri kimoja.

Leza nzito ina faida ya pili isiyoonekana kwenye tarakimu za nguvu: inafika hatua mbili, wakati leza ya kawaida inafika moja. Wapo maadui wenye mwale wa kusukuma, kifaa kinachoirudisha nyuma kila meli inayowasogelea karibu. Mbele ya adui wa namna hiyo, kundi lenye silaha za hatua moja litasukumwa na kusukumwa bila kupata nafasi ya kupiga. Mchezaji aliyebadili silaha kwa sababu ya ngao anajikuta ameshatatua tatizo ambalo hakuwa amelifikiria. Mambo ya namna hii humtokea yule anayekaa na mchoro mmoja muda mrefu. Anayeruka kutoka mchoro hadi mchoro hapati muda wa kuyaona.

Kuna jambo jingine ambalo Steve Barcia, mbunifu mkuu wa mchezo huo, na wenzake waliliweka, na ndilo linaloupa ufundi huu utamu wake. Vipuri vya zamani husinyaa. Kadiri elimu ya fani fulani inavyopanda, silaha na vifaa vilivyovumbuliwa zamani katika fani hiyo huchukua nafasi ndogo zaidi na bei yake hushuka. Bodi iliyobeba mabomu machache ya nyuklia mwanzoni mwa karne, baadaye hubeba mengi yaleyale, na bado panabaki nafasi ya kifaa cha ziada. Hivyo swali la kipi ni bora halijibiwi kwa kutazama tarehe ya uvumbuzi. Silaha iliyovumbuliwa jana ni kubwa, ni ghali, na moja tu inaingia. Ya zamani imepungua, nane zinaingia. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na orodha ya vipuri ya mchezo huo ina vidonda kadhaa vinavyong'aa.

Katika Master of Orion ya kwanza, hata hivyo, kilichoweza kutumika tena ni wazo tu. Meli yenyewe, ikishatoka kiwandani, haikuguswa tena hadi kufa kwake. Toleo la pili, Battle at Antares, lililotoka mwaka 1996, lilifungua mlango huo: meli iliyokwisha kuundwa inaweza kurudishwa kwenye koloni ikavalishwa upya. Ukubwa wa bodi haubadiliki, lakini vya ndani vinang'olewa na vingine vinaingia. Na silaha za zamani zikapewa maisha ya ajabu. Ukiendelea na utafiti katika fani ileile, silaha uliyoijua zamani haipungui ukubwa tu. Inapata uwezo mpya wa kuongezewa. Kombora la nyuklia, ambalo kwa jina ni la hali ya chini kuliko makombora yote, likishafungwa kichwa kinachogawanyika katika vinne, linaweza kuimaliza dola changa inayosubiri silaha za kisasa. Wanaocheza mtu kwa mtu wamelitegemea kombora hilo kwa miaka mingi.

Kati ya matoleo hayo mawili, mwaka 1995, palitoka mchezo wa Stars! wa Jeff Johnson na Jeff McBride, uliochezwa sana kwa barua pepe: kila mchezaji anatuma maagizo yake, msimamizi mmoja anazikusanya zamu zote na kurudisha matokeo. Huko nafasi za michoro ya meli zilikuwa 16, na za vituo vya angani 10. Kufuta mchoro kuliziangamiza meli zake zote, kama kwa Orion. Bei ya kipuri ilishuka asilimia 4 kwa kila ngazi ya elimu uliyopanda juu ya ngazi inayokihitaji, hadi punguzo la asilimia 75. Ukikaa na takwimu hizo unaona zinamfundisha mchezaji subira ya aina yake. Anayekimbilia kuunda meli siku ileile ya uvumbuzi analipa bei ya juu kuliko watakayolipa wote watakaomfuata. Anayesubiri ngazi tano zaidi anapata kipuri kilekile kwa punguzo la asilimia 20, ikiwa jirani atamwacha hai muda huo.

Ndani ya Stars! ndimo mlimozaliwa pia matumizi ya meli kuukuu yanayostahili heshima kuliko yanavyopewa. Katika vita vya mchezo huo kombora moja, hata liwe na nguvu kiasi gani, haliui zaidi ya meli moja. Basi wachezaji wakachukua bodi ndogo ya zamani, ambayo kwa punguzo la bei imekuwa karibu bure, wakaifunga bunduki moja hafifu, wakazitanguliza nyingi mbele ya manowari za thamani. Makombora ya mamilioni yaliishia kwenye vibodi hivyo. Mchoro uliokwisha kazi yake ya upelelezi ukaajiriwa upya kuwa kinga, na hakuna kilichobadilishwa ndani yake isipokuwa sababu ya kuwapo.

Tukirudi nyuma kabla ya michezo hii kuingia kwenye kompyuta za nyumbani, kuna kisa ambacho kila anayependa usanifu wa meli za kubuni anapaswa kukijua. Traveller ni mchezo wa mezani uliotolewa na Game Designers' Workshop mwaka 1977, wenye sheria nene za kuunda meli. Mwaka 1981 yalifanyika mashindano ya vikosi vya meli kwa kufuata sheria hizo, kila mshindani akiwa na bajeti ya kubuni ya fedha trilioni moja. Douglas Lenat, mtafiti wa akili bandia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliingia na kikosi alichokichora akisaidiwa na programu yake iitwayo Eurisko. Usiku kompyuta ilichora, ikapigana yenyewe kwa yenyewe, ikabadili kidogo, ikapigana tena. Asubuhi Lenat alipitia matokeo, akapalilia, akairudisha kazini. Kikosi kilichotokea kiliwachekesha wazoefu: meli nyingi nzito, zenye mwendo mdogo, deraya nene na silaha nyingi ndogondogo. Kikashinda mashindano yote.

Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa ili kasi ya kikosi iwe na uzito. Mchoro wa mwaka wa kwanza haukufaa tena kama ulivyo. Lenat hakuanza upya, maana programu ilikuwa na kanuni ilizokwisha kujifunza, na nyingi ziliendelea kufaa. Eurisko ikaja na kikosi kipya kilichokuwa tayari kuzizamisha meli zake zenyewe zilizojeruhiwa ili zisicheleweshe nyingine. Ikashinda tena. Waandaaji wakadokeza kwamba akishinda mara ya tatu mashindano yatafutwa, na Lenat akajiondoa. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mashine juu ya binadamu. Kwa anayejali usanifu, kinachovutia zaidi ni kitendo chenyewe kilichofanywa kila usiku: kuchukua mchoro uliopo, kugusa kitu kimoja, kuupeleka vitani, kubakiza au kutupa. Kikosi cha 1981 kilipitwa, lakini mkono uliokichora haukupitwa.

Mchezo uliolipeleka jambo hili mbali kuliko yote ni Aurora, unaotengenezwa na Mwingereza Steve Walmsley na kutolewa bure. Toleo lake lililoandikwa upya kwa lugha ya kompyuta ya C# lilitoka mwaka 2020. Kwa macho ni jedwali juu ya jedwali, tarakimu zinazoweza kumfukuza mtu dakika ya kwanza. Lakini hakuna mchezo mwingine unaomjua fundi wa meli vizuri hivyo. Katika Aurora haitoshi kuwa na mchoro; lazima uwe na karakana iliyoandaliwa kuuunda. Kuiandaa karakana kwa aina mpya ya meli kunakula muda na mali, na muda huo wote haitoi meli hata moja. Walmsley akaacha upenyo: karakana iliyoandaliwa kwa aina moja inaweza kuunda aina nyingine bila maandalizi mapya, mradi gharama ya kuigeuza ile ya kwanza kuwa ya pili isizidi asilimia 20 ya gharama ya ile ya kwanza.

Asilimia hiyo 20 imezaa namna nzima ya kufikiri. Tuseme manowari ya kusindikiza inagharimu pointi 1,000. Ukitaka ndugu yake wa kutungua makombora, una pointi 200 za kuchezea, si zaidi. Injini haziguswi, kwa sababu ndizo zinazokula sehemu kubwa ya gharama. Na hata zisingekuwa ghali, kila muundo wa injini katika Aurora hufanyiwa utafiti wake peke yake, kwa hiyo injini moja inayotumika kwenye meli nne imeokoa miezi ya maabara. Matangi ya mafuta yanabaki. Deraya inabaki. Kinachobadilika ni mizinga, rada ya kulengea, labda ghala la makombora. Hivyo mchezaji aliyeizoea Aurora hachori meli, anachora ukoo. Ameshaamua tangu meli ya kwanza kwamba itazaa ya kusindikiza, ya kutungua, ya uongozi na ya mafuta, na kila mtoto atatoka karakana ileile.

Kisha injini mpya inavumbuliwa, na ndipo usanifu unapogeuka kuwa uamuzi wa kivita. Meli inayovalishwa upya iko kwenye chelezo, na meli iliyo kwenye chelezo haipigani. Ukiziita zote nyumbani kwa pamoja, mpaka uko wazi. Ukiziita mbilimbili, kwa muda wa miaka kadhaa kikosi chako kitakuwa na meli za kasi mbili tofauti, na kikosi huenda kwa kasi ya meli iliyo nyuma kuliko zote. Wengine huamua kutoigusa injini kabisa hadi kizazi kinachofuata: wanaruka uvumbuzi mmoja mzima ili wasivuruge ukoo. Kuacha kitu kizuri ulichonacho mkononi kwa sababu kingeharibu mpangilio mzuri zaidi ni kazi ngumu, na Aurora inaheshimu ugumu huo kwa kumfanya mchezaji aishi na matokeo yake miaka mingi ya kalenda ya mchezo.

Hakuna katika haya kilichobuniwa kutoka hewani. Manowari ya Uingereza HMS Warspite ilipigana Jutland mwaka 1916, ikafumuliwa kati ya 1934 na 1937, ikapewa mitambo mipya na mizinga yake mikubwa ikawezeshwa kuinuka zaidi ili ipige mbali. Ikarudi kupigana Narvik mwaka 1940, Matapan 1941 na pwani ya Normandy 1944. Na msomaji wa Kigoma hana haja ya kwenda mbali hivyo. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Ziwa Tanganyika, ikaingia majini mwaka 1915. Vita vilipoifikia ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyokuwa imeangamizwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, baada ya kuzipaka grisi mashine zake. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke zikatolewa, zikaingia za dizeli. Bodi ni ileile. Anayetaka kujua mchezaji wa Aurora anafikiria nini anapokataa kuitupa meli yake ya kwanza, aisome historia ya Liemba.

Galactic Civilizations II ya Stardock, ya mwaka 2006, ilileta sababu nyingine ya kuboresha: kumsoma adui. Silaha zake ni za aina tatu, miale, makombora na mizinga ya vipande vya chuma, na kila moja ina ulinzi wake: ngao, mitambo ya kutungua, deraya. Ulinzi usiolingana na silaha haufi kabisa, bali hufanya kazi kwa kipeuo cha pili cha thamani yake. Ngao ya 16 mbele ya miale ni 16. Mbele ya kombora ni 4. Meli isiyoshindika dhidi ya jirani wa magharibi inaweza kuwa maboya mbele ya jirani wa mashariki, na adui anayeongozwa na kompyuta hubadili silaha zake kwa kuangalia ulinzi wako. Kwa hiyo kuboresha si kupanda ngazi tu. Mara nyingine ni kusogea pembeni: kuondoa ngao ya 16 uliyoilipia na kuweka mitambo ya kutungua yenye 9, kwa sababu vita vya mwaka huu ni vya makombora.

Hapo ndipo kitufe cha usanifu wa kujiendesha kinaposhindwa. Michezo mingi ya sasa inacho. Stellaris ya Paradox ya Stockholm, iliyotoka mwaka 2016, inaweza kumchorea mchezaji meli zote na kuzisasisha kila uvumbuzi unapoingia, na watu wengi huiacha ifanye hivyo. Si vibaya kila mahali. Katika Distant Worlds ya mwaka 2010, wafanyabiashara binafsi hununua meli za mizigo zinazofuata michoro ya dola yako, na hizo huzidi mamia. Hakuna mtu atakayeshughulikia kila moja, na mashine kusaidia hapo ni neema. Hata hivyo, hata huko, mchezaji akiupunguzia mchoro mmoja wa meli ya mizigo uzito usio wa lazima, uchumi mzima unafaidika kidogokidogo kadiri wafanyabiashara wanavyozibadilisha zao. Shida ni manowari. Mashine huijaza kila nafasi kipuri cha kisasa kuliko vyote, na haijui kwamba silaha ile ya zamani ilibakizwa kwa makusudi, kwa ajili ya adui fulani, kwenye nyota fulani. Mchezaji anayekabidhi kazi hiyo anabaki na meli zenye nguvu ambazo hajui zilivyo, na zikishindwa hajui zimeshindwa na nini.

Hata jina lina kazi. Kwenye Stellaris, mchoro ukihifadhiwa kwa jina lilelile la zamani, meli zilizopo huhesabiwa kuwa za kuboreshwa, na kikosi kinaweza kuagizwa karakana kwa amri moja; ukilibadili jina umezaa aina mpya. Wachezaji makini wa michezo ya namna hii kwa hiyo huwa na utaratibu wa majina kama wa masijala. Namba huongezeka pale kipuri kinapobadilika, herufi huongezwa pale kazi ya meli inapobadilika, na jina la ukoo halibadiliki mpaka bodi ibadilike. Ukiiona orodha ya mtu wa namna hiyo unaweza kuisoma historia ya dola yake bila kuuliza: hapa alikutana na makombora, hapa mafuta yalimwishia njiani, hapa alipata amani ndefu akatengeneza meli za mizigo peke yake.

Na michoro hiyo haifi mchezo ukiisha. Galactic Civilizations II huyahifadhi mafaili ya meli alizochora mchezaji, na anapoanza dola nyingine michoro yake ya zamani inamsubiri, kila mmoja ukifunguka pale elimu inayouhitaji inapopatikana. Toleo la tatu, la mwaka 2015, likaruhusu wachezaji kupeana michoro yao kupitia jukwaa la michezo la Steam. Mtu anaweza kuichukua meli iliyochorwa na mgeni asiyemjua, kwa vita asivyoviona, akaifungua, akaona kwamba nusu ya nafasi imepewa mitambo ya kuhimili uhai inayorefusha safari, akaelewa kwamba mwenzake alikuwa akipigana mbali sana na nyumbani, akaipunguza mitambo miwili, akaweka ngao.